Kutoka Kigoma kwenda kuongoza maboti ya mpira Zambezi

Msimu mzuri wa mto Zambezi, upande wa Livingstone nchini Zambia, huanza maji yakipungua, takriban Agosti hadi Desemba. Fika Julai: mwongozaji mpya hushuka mtoni mara nyingi na wazoefu kabla ya kukabidhiwa abiria.

Kibali cha kazi kwanza. Mwajiri ndiye akuombee, nacho kitoke kabla hujaondoka. Muhuri wa mgeni pale Nakonde, mpakani upande wa Zambia, haukuruhusu kufanya kazi, hata ukiambiwa "njoo tu, tutamalizia huku". Beba pasipoti, kadi ya homa ya manjano na cheti cha huduma ya kwanza. Kwa basi, pitia Mpanda, Sumbawanga na Tunduma, kisha Lusaka. Ukivuka mpaka, rudisha saa nyuma kwa saa moja. Uwe na akiba ya chakula na pango la mwezi mzima, maana wengi hulipwa kwa safari, na wiki bila wageni hutokea.

Sasa maji. Kijana wa Kibirizi au Ujiji, pale Kigoma, anajua kuogelea, lakini ziwa halimfundishi mkondo. Ukianguka, lala chali, miguu mbele, juu ya maji. Usisimame kamwe: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi na huinuki tena. Kaza mikanda ya jaketi la kuokolea. Lililolegea hupanda usoni. Jizoeze kila siku kurusha kamba ya mita 20 mpaka imfikie mtu kifuani, kwa sababu anayehangaika majini haioni iliyoangukia nyuma yake.

Na miguu uiandae: kutoka korongo la Batoka, unamopita mto huo, ni kupanda, mara nyingi na mzigo begani.