Jinsi ya Kuzisoma Upya Katuni za Tintin Sambamba na Historia Yake ya Kweli

Wengi wetu tuliozisoma utotoni katuni za Tintin, yule kijana mwandishi wa habari anayezunguka dunia na mbwa wake, ama kwa Kifaransa kule Bukavu na Bujumbura, ama kwa Kiingereza katika maktaba za Nairobi na Dar es Salaam, tulizipenda kwa mbio na vituko vyake, wala hatukuambiwa kwamba nyuma ya michoro ile kulikuwa na vita, reli na magereza ya kweli. Ukiwa mtu mzima, na hasa ukiwa na mtoto anayetaka kusomewa, inafaa kuzirudia kwa utaratibu. Nitaueleza utaratibu huo kwa kutumia albamu mbili za Hergé, yaani Mbelgiji Georges Remi aliyezaliwa mwaka 1907: Tintin au Congo, ambayo inatuhusu moja kwa moja, na Le Lotus bleu, inayohusu China.

Kabla ya kusoma chochote, chunguza una toleo gani mkononi. Hadithi ya Kongo ilitoka kidogo kidogo kila wiki, kuanzia Juni 1930 hadi Juni 1931, katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki la Brussels, kisha ikawa kitabu kisicho na rangi chenye kurasa zaidi ya 100. Mwaka 1946 Hergé aliichora upya kwa rangi katika kurasa 62, na hilo ndilo toleo ambalo wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa tulikua nalo. Tofauti iliyopo si ya rangi tu. Katika toleo la 1931 Tintin anasimama mbele ya watoto wa Kikongo katika shule ya misheni na kuwatangazia kwamba leo atawaeleza habari za nchi yao, Ubelgiji. Katika toleo la 1946 darasa ni lilelile, ila somo limegeuzwa kuwa hesabu ya kujumlisha mbili na mbili. Anayesoma toleo la rangi peke yake hawezi kujua kwamba kuna kilichofutwa, na ndiyo maana ninashauri utafute pia toleo la kwanza, ambalo mchapishaji Casterman amekwisha kulichapisha tena. Weka kurasa hizo mbili ubavu kwa ubavu, umwache mtoto mwenyewe aitambue tofauti.

Baada ya hapo uliza nani aliagiza hadithi hiyo na mchoraji alizipata wapi picha zake. Aliyeagiza ni padri Norbert Wallez, mkurugenzi wa gazeti, aliyetaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao. Hergé alikuwa kijana wa miaka 23 na hakuwa amefika Kongo. Sehemu kubwa ya aliyoyachora aliyaona katika jumba la makumbusho la mambo ya Kongo lililoko Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Yule mtu aliyevaa ngozi ya chui na kucha za chuma, aliyewatisha wengi wetu, anafanana sana na sanamu iliyochongwa na Paul Wissaert na iliyokuwa ikionyeshwa katika jumba hilo, inayomwonyesha mtu wa Anioto, chama cha siri cha watu-chui cha mashariki ya Kongo, akimnyemelea mtu aliyelala. Kwa hiyo ulichokiona utotoni kilikuwa picha iliyochorwa kutokana na sanamu, na sanamu hiyo nayo ilichongwa na Mzungu kwa ajili ya Wazungu wenzake. Ukilielewa hilo, utaacha kuisoma albamu kama habari za Kongo na utaanza kuisoma kama habari za Ubelgiji ya mwaka 1930, na hapo inakuwa ushahidi wenye thamani kubwa.

Hatua inayofaa kupewa muda mwingi zaidi ni ya kuchagua tukio moja na kulifuatilia mpaka mwisho. Mimi ningechagua treni. Gari la Tintin linakwama juu ya reli, treni inaligonga na kupinduka, gari linabaki zima. Wakongo wanaachwa wakilia juu ya treni yao chakavu, na Tintin anapowaita kazini, mmoja anasema amechoka huku mwingine akihofia kujichafua, hata mbwa wa Tintin anawakemea kwa uvivu. Sasa weka pembeni historia ya reli ya Matadi hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Ilijengwa kati ya 1890 na 1898, enzi Mfalme Leopold II alipoimiliki Kongo kama mali yake binafsi, na hesabu rasmi za wakati huo zilikiri vifo vya Waafrika 1,800 na Wazungu 132. Tena, katika miezi ileile Hergé alipokuwa akichora, reli hiyo ilikuwa ikijengwa upya na kupanuliwa, kazi iliyoanza mapema miaka ya 1920 na kukamilika mwaka 1932 kwa nguvu za watu waliokamatwa vijijini na kulazimishwa. Maelfu walikufa. Rudi kwenye ile picha ya watu wanaoambiwa kuwa ni wavivu, uisome tena.

Kisha chukua karatasi, upande mmoja uandike miezi ambayo hadithi ilikuwa ikitoka, na upande wa pili yaliyokuwa yakitokea Kongo. Simon Kimbangu, mhubiri wa Nkamba aliyekamatwa Septemba 1921 na kuhukumiwa kifo kabla ya Mfalme Albert I kuibadili adhabu kuwa kifungo cha maisha, alikuwa gerezani Élisabethville, yaani Lubumbashi, ambako alifia mwaka 1951. Wapende, watu wa eneo la Kwango kusini-magharibi ya Kongo, walioshurutishwa kuvuna matunda ya michikichi wakati bei ilikuwa imeporomoka kwa mdororo wa uchumi wa dunia na kodi ikidaiwa palepale, waliasi mwaka 1931. Juni mwaka huo, wakati watoto wa Brussels wakisoma kurasa za mwisho, waasi hao walimuua afisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, na jeshi la kikoloni likalipiza kwa kuua Wapende wasiopungua 500.

Wapo wanaotaka albamu hii iondolewe kabisa. Mwaka 2007 Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo aliifikisha mahakamani mjini Brussels, na mwaka 2012 mahakama ikakataa madai yake. Uchungu wake ninauelewa na ninauheshimu, lakini sioni heri kumficha mtoto kitabu hiki, wala kumpa bila maelezo. Msomee, ukimuuliza katika kila ukurasa nani anafanya kazi, nani anatoa amri, na ni nani aliyepewa jina.

Ukimaliza Kongo, hamia Le Lotus bleu, iliyotoka kuanzia mwaka 1934, uone mchoraji yuleyule alivyofanya alipompata shahidi. Safari hii Hergé alikaa na Zhang Chongren, mwanafunzi wa sanaa mjini Brussels, aliyemweleza nchi yake na kumsaidia kuichora. Humo pia mna reli: inalipuliwa, Wajapani wanawasingizia Wachina, na jeshi la Japani linavamia, jambo lililotokea kweli karibu na Mukden, mji wa kaskazini-mashariki ya China, tarehe 18 Septemba 1931. Mna pia Japani ikijitoa katika Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, kama ilivyojitoa mwaka 1933. Tumia karatasi ileile ya pande mbili, utaona jinsi pande hizo zinavyokaribiana mara hii. Halafu tafuta mtu anayesoma Kichina, nao si wachache siku hizi katika miji yetu, umwombe akusomee mabango yaliyo kwenye kuta za Shanghai katika michoro hiyo: mojawapo linahimiza watu kususia bidhaa za Japani, na jingine linataka ubeberu uangushwe.