Mitokondria zimekatika zenyewe, au umezikata wewe? Mwongozo wa kupima mgawanyiko na muungano katika seli hai

Mwongozo huu ni wa wenye inkubeta ya CO2 na hadubini ya konfoko, iwe Muhimbili, Mlimani au maabara nyingine ya Dar es Salaam.

Mitokondria si vidonge vilivyotulia kama michoro ya vitabu vya shule inavyoonyesha. Katika seli nyingi ni mtandao wa nyuzi unaokatika na kuungana muda wote. Anayekata ni protini ya Drp1. Inaitwa kutoka saitoplazimu na vipokezi vya utando wa nje (Mff, MiD49, MiD51), inajipanga kama pete pale ambapo retikulamu ya endoplazimu imeshaubana uzi, kisha inakaza. Wanaounga ni Mfn1 na Mfn2 kwenye utando wa nje, na OPA1 kwenye utando wa ndani.

Kasheshe ni kwamba nyuzi hizo hukatika pia kwa mwanga mwingi, rangi nyingi au midia (kimiminika cha kukuzia seli) iliyochoka. Ukiona vipande, anza kujishuku mwenyewe kabla ya kuushuku ugonjwa.

Hatua ya 1: Seli
Panda seli 100,000 za HeLa (seli za saratani ya shingo ya kizazi zinazokuzwa maabara) kwenye sahani ya milimita 35 yenye kitako cha kioo cha milimita 0.17, katika mililita 2 za midia ya DMEM yenye seramu asilimia 10. Subiri saa 24. Seli zikifunika nusu ya kioo au zaidi kidogo, zinafaa. Midia ikishakuwa ya njano, tupa. Maikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara, ipimwe mapema, maana ikiwemo, yote yatakayofuata ni kupoteza muda na dawa.

Kwa faibroblasti (seli za tishu unganishi, hutolewa ngozini) za mgonjwa kuna mtego mwingine. Glukosi ya milimola 25 iliyo kwenye DMEM ya kawaida huficha kasoro, kwa kuwa seli hujipatia nishati bila kutegemea sana mitokondria. Weka galaktosi milimola 10 badala yake. Galaktosi yenyewe hurefusha nyuzi, kwa hiyo seli za mtu asiye mgonjwa nazo zipewe hiyohiyo.

Hatua ya 2: Sahani za ulinganisho
Hapa ndipo wengi hubana matumizi, na ndipo wanapoharibu. Mbali na sahani unayoichunguza, andaa tatu:
– ya kwanza, DMSO (kiyeyushi cha dawa) pekee, mikrolita 1 kwa kila mililita;
– ya pili, FCCP maikromola 10 kwa dakika 30 (mikrolita 1 ya myeyusho wa akiba wa milimola 10 kwa kila mililita);
– ya tatu, HBSS (maji ya chumvi ya kuhifadhia seli) bila seramu wala amino asidi, saa 4.

FCCP huondoa tofauti ya umeme kwenye utando wa ndani. Kimeng'enya OMA1 huamka na kukata OPA1, muungano husimama, na mgawanyiko ukiendelea hubaki vipande. Njaa ya HBSS hufanya kinyume: kimeng'enya PKA hutia fosfeti kwenye serini ya 637 (amino asidi mojawapo) ya Drp1, ukataji hupungua, nyuzi hurefuka. Kama sahani hizi mbili zinafanana machoni, simama hapo hapo, tatizo liko kwenye mbinu.

Hatua ya 3: Rangi
MitoTracker Deep Red, nanomola 50, dakika 20 kwenye nyuzi joto 37. Osha mara mbili kwa midia isiyo na fenoli nyekundu, yenye HEPES (ya kutuliza pH) milimola 20, iliyopashwa hadi 37. Usiongeze rangi ili picha ing'ae, inasumbua mitokondria.

Rangi hii huingia kwa kufuata tofauti ya umeme. Mitokondria dhaifu hupauka, programu haizioni, nawe unaandika kwamba zimepungua. Ukihofia hilo, na kwa sahani ya FCCP ambayo haina tofauti hiyo, tumia GFP (protini inayong'aa kijani) iliyoelekezwa kwenye mitokondria, au fiksi seli na utumie kingamwili ya TOM20, protini ya utando wa nje. Formaldehaidi asilimia 4 nayo ipashwe hadi 37, dakika 15. Ukiimimina ikiwa ya baridi, itakata nyuzi kabla haijazishika.

Hatua ya 4: Picha
Washa kipasha joto cha meza ya hadubini saa moja kabla. Kiyoyozi kisipulize juu ya meza, la sivyo fokasi itahama kila mashine inapowaka na kuzima. Unyevunyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye lenzi. Lenzi za akiba zikae kwenye kabati kavu lenye silika jeli. Kompyuta, leza na kipasha joto vyote viwe kwenye UPS. Umeme ukikatika sahani ikapoa, anza na sahani mpya.

Lenzi ya mafuta ya mara 63, picha moja kila sekunde 5 kwa dakika 5, leza kwa nguvu ndogo kabisa inayoonyesha uzi. Mwishoni sogea kwenye seli ya jirani ambayo haijapigwa mwanga. Kama nyuzi zake ni nzima na za uliyoipiga zimekatika, aliyekata ni leza.

Hatua ya 5: Kuhesabu
Kwenye Fiji, programu ya kuchambua picha: ondoa mwanga wa nyuma, weka kizingiti cha Otsu (kinachotenga nyuzi na usuli), kisha punguza nyuzi kuwa mistari na upime urefu na matawi. Nyuzi mbili zinazopishana huonekana zimeungana, kwa hiyo hesabu ukingoni mwa seli, kulikobapa. Mgawanyiko uhesabiwe pale tu ncha zinapoachana na kubaki mbali kwa picha tatu mfululizo. Anayehesabu asijue sahani ni ya nani.

Video ni ya lazima kwa sababu vipande huja kwa njia mbili, kukata kulikozidi au kuunga kulikoshindwa, na picha moja haikuambii ni ipi.

Hatua ya 6: Kuhusisha na ugonjwa
Hitilafu za jeni la MFN2 husababisha Charcot-Marie-Tooth aina ya 2A, ugonjwa wa neva za miguu na mikono. Za OPA1 hufifisha mshipa wa fahamu wa jicho. Ila faibroblasti za ngozi za baadhi ya wagonjwa wa MFN2 huonekana za kawaida, hivyo mtandao mzuri haufuti utambuzi wa kijenetiki. Ukishuku DNM1L, jeni la Drp1, tazama peroksisomu (oganeli nyingine ndogo za seli) pia: Drp1 huzigawa nazo, na ikishindwa hurefuka pamoja na mitokondria. Kwa PINK1 na Parkin, protini zinazotia alama mitokondria mbovu ziondolewe na zinazohusishwa na Parkinson ya urithi, HeLa haifai ilivyo kwa sababu karibu haina Parkin. Lazima uingize Parkin kwanza.