Unataka kuwa OT (occupational therapist, mtaalamu wa tiba ya kazi) kupitia OTD (digrii ya udaktari wa OT) hapa Marekani? Soma hii kabla hujatuma maombi

Hii naandika hasa kwa ndugu zetu walioko Marekani wanaofanya kazi ya CNA (msaidizi wa nesi) au ya kulea wazee, wale wanaoingia shifti na kila siku wanamuona OT anaingia chumba kile kile walichotoka wao, anamfundisha mgonjwa kuvaa, kuoga, kushika kijiko, halafu wanajiuliza hivi mimi nami naweza kufika pale. Unaweza jamani. Tena wewe una kitu ambacho kijana aliyetoka chuo moja kwa moja hana, umeshainua watu, unajua mtu wa kiharusi anavyokuwa mzito upande mmoja, unajua aibu anayosikia mzee akivuliwa nguo na mtoto wa umri wa mjukuu wake.

Sasa kitu cha kwanza kabisa, na watu wengi hawaambiwi: ili uwe OT Marekani sio lazima uwe na udaktari. Kuna masters ya OT na kuna OTD, na zote mbili zinakupeleka kwenye mtihani ule ule wa NBCOT, bodi ya taifa inayothibitisha ma-OT, na leseni ile ile ya jimbo. Mwaka 2017 ACOTE, ambao ndo wanatoa ithibati kwa hizi programu, walitangaza kwamba ifikapo 2027 anayeingia kwenye kazi hii lazima awe na OTD, watu wa fani wakapinga sana, na 2019 ikaamuliwa njia zote mbili zibaki. Kwahiyo mtu wa chuo akikutisha kwamba masters inafutwa hivi karibuni mwambie akuonyeshe imeandikwa wapi. Mi ushauri wangu ni huu, chukua OTD kama unataka kuja kufundisha, kuongoza, au kuanzisha huduma yako mwenyewe, au kama chuo cha karibu na familia yako kina OTD peke yake, maana siku hizi vipo vingi hivyo. Kama shida yako ni kufika kwa mgonjwa mapema na kuanza kulipwa, masters inatosha na inaisha mapema zaidi, OTD mara nyingi ni kama miaka 3.

Angalia pia usije ukachanganya aina mbili za OTD. Kuna ya kuanzia, ya mtu ambaye bado sio OT, na kuna ya kuendeleza, ya mtu ambaye tayari ni OT na anaongeza elimu. Zile za mtandaoni mtupu zinazotangazwa kwamba unamaliza ukiwa nyumbani mara nyingi ni hizo za pili, na kwa mtu ambaye hajasomea OT haikupi ruhusa ya kukaa mtihani hata kidogo. Ingia kwenye tovuti ya ACOTE utafute jina la chuo, na soma hadhi yake vizuri, maana programu changa zinakuwa bado kwenye hatua za kuomba ithibati. Halafu nenda kwa NBCOT, wanaweka wazi matokeo ya kila chuo, wangapi wamefaulu, hii ni namba moja ya kuangalia kabla hata ya majengo mazuri na picha za wanafunzi wanaocheka.

Na kama wewe ulishasomea OT nyumbani, labda KCMC Moshi au KMTC Nairobi, usianze upya kabla hujawauliza NBCOT, wana utaratibu wao wa kupima watu waliosoma nje unaitwa OTED, anza na huo ujue unakosa nini.

Masomo ya kuingilia. Digrii ya kwanza inaweza kuwa ya kitu chochote, hata uhasibu, ila lazima uwe na kozi kadhaa: anatomia na fiziolojia zote mbili pamoja na maabara, takwimu, saikolojia ya ukuaji wa binadamu, saikolojia ya magonjwa ya akili, na mara nyingi sosholojia au anthropolojia. Hizi zisome community college, ni bei nafuu na zina madarasa ya jioni. GPA wengi wanataka kuanzia 3.0. Kama digrii yako ni ya Dar, Nairobi au Lubumbashi utahitaji kuitathmini kozi kwa kozi kwenye kampuni kama WES, na hapo anza mapema sana, transkripti kutoka nyumbani inaweza kuchukua miezi na ndugu wa kukufuatilia ofisini lazima awepo. Uliza pia kozi zinaisha muda baada ya miaka mingapi, vyuo vingine havipokei anatomia ya zamani.

Halafu kuna masaa ya kumfuata OT akiwa kazini, wengi wanayataka au wanayapenda. Usiende kukaa kwenye kona kuhesabu masaa. Angalia mikono yake. Kwa mfano anamfundisha mama aliyepooza mkono wa kushoto kuvaa shati: shati linawekwa mapajani, mkono uliopooza ndo unaingia kwanza, unavutwa mpaka begani, ndo mzima unafuata, na wakati wa kuvua ni kinyume, mzima unatangulia. Wewe CNA ungemvalisha kwa dakika mbili maana una watu wengine wanane wanakusubiri, OT anakaa dakika ishirini anamsubiri avae mwenyewe. Ukielewa kwanini anasubiri, umeshapata insha yako ya maombi, andika hiyo, usiandike kwamba unapenda kusaidia watu, kila mtu anaandika hivyo. Na huyo OT ndo umuombe barua. Maombi yenyewe yanapita OTCAS, mfumo mmoja kwa vyuo vingi, na vyuo vingi vinapokea watu kadiri maombi yanavyoingia, kwahiyo tuma mwanzoni, usisubiri siku ya mwisho.

Hela sasa, na hapa nawaomba msome taratibu. Mkopo wa serikali unapata kama ni raia, una green card, au uliingia kama mkimbizi, mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, haupati. Ule mkopo wa Grad PLUS uliokuwa unafunika ada yote umefutwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na mkopo wa kawaida wa graduate umewekewa kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Kuna kikomo kikubwa zaidi kwa digrii zinazohesabiwa za profeshno, kwahiyo piga simu chuoni uwaulize OTD yenu iko kundi gani, na uombe jibu kwa maandishi. OTD nyingi zinapita hiyo 100,000 bila shida, na mshahara wa kati wa OT mwaka 2023 ulikuwa dola 96,370, usikope mpaka ukajinyonga. Kama mwajiri wako ana mpango wa kulipia wafanyakazi masomo, uulizie sasa hivi ukiwa bado CNA.

Lakini kinachoangusha watu wazima wenye watoto ni wiki, kuliko hata ada. Lazima ufanye fildiweki (mafunzo ya vitendo) ya leveli ya pili, wiki 24, kazi ya muda wote, kwa kawaida bila malipo, na OTD inaongeza kapstoni (mradi wako wa mwisho) ya wiki 14, yaani masaa 560. Jumla ni wiki 38 ambazo huwezi kubeba shifti zako za kawaida, na sehemu ya fildiweki inaweza kuwa mji mwingine kabisa. Kaa chini na mwenzio, chukueni kalenda, anzeni na hizo wiki 38 mrudi nyuma, nani atachukua watoto shule, kodi itatoka wapi, hela ya kutuma nyumbani tutaipunguza kwa kiasi gani, na waambieni nyumbani mapema ili wasije wakadhani mmewatupa.

Ndani ya darasa patakapokubana ni anatomia ya mkono. Kuna mtandao wa neva unaotoka shingoni, C5 mpaka T1, unapita chini ya mfupa wa mtulinga unaenda mpaka vidoleni, uchore kila siku kwa kalamu bila kuangalia, na kila neva iunganishe na mtu: radial ikiumia kiganja kinaning'inia, ulnar ikiumia kidole kidogo na cha pete vinakunjika kama kucha za ndege. Ukiwaza mtu hausahau.

Kapstoni usiiache mpaka mwaka wa mwisho, na hapa wenye Kiswahili tuna kazi nzuri inatusubiri. Kuna wazee wa Kikongo waliokuja kama wakimbizi, wametua kwenye apatimenti zenye bafu la kupanda na jiko la umeme ambalo hawajawahi kuligusa, na mtu wa kuwaelekeza kwa lugha yao hayupo. Programu ya usalama wa nyumbani kwa Kiswahili, pamoja na shirika linalopokea wakimbizi mjini kwako, hiyo ni kapstoni kamili, nenda kaongee nao ukiwa mwaka wa kwanza.

Ukimaliza unakaa NBCOT, masaa 4 kwenye kompyuta, na unatakiwa kufikisha 450. Kisha unaomba leseni ya jimbo, na usijiite OT wala usimguse mgonjwa kama OT kabla haijatoka. Walio F-1 wajue kwamba nesi na physio wako kwenye ile orodha ya Schedule A inayorahisisha green card, OT hatumo, kwahiyo kabla hujasaini chuo chochote ongea na mwanasheria wa uhamiaji, na umuulize pia kuhusu cheti cha VCVC cha NBCOT, maana kinahitajika kwenye viza ya kazi hata kama umesomea hapa hapa.