Kabla ya kukimbilia kill -9

Programu ikiganda kwenye Linux, usianze na `kill -9`, amri ya kuikata kwa nguvu. Tafuta kwanza namba ambayo mfumo umeipa (PID) kwa `pgrep -af jina`, kisha andika `kill 4312` (weka namba uliyoipata). Hiyo hutuma ishara ya 15, yaani ombi: programu inapata nafasi ya kuhifadhi data na kufuta mafaili yake ya muda. Ipe sekunde kumi hivi. Ishara ya 9 programu haiioni kabisa. Mfumo unaikata palepale, na mara nyingi faili la kufuli, alama kwamba programu iko kazini, linabaki nyuma, kwa hiyo ukiiwasha tena inagoma ikidhani nakala nyingine bado iko kazini.

Na ikikataa kufa hata kwa 9? Andika `ps -o pid,ppid,stat,cmd -p 4312` uangalie safu ya STAT. Ukiona D, inasubiri diski au hifadhi ya mtandao, na kurudia amri mara ishirini hakusaidii kitu: shughulikia kifaa chenyewe. Ukiona Z, imeshakufa, umebaki mstari wake tu kwenye orodha mpaka mzazi wake, yaani programu iliyoianzisha, aufute. Huyo mzazi ndiye wa kumfuata, namba yake iko chini ya PPID.

`pkill -f` nayo ina meno. Inalinganisha amri nzima, si jina tu, hivyo `pkill -f ripoti` itaua pia kihariri kilichofungua ripoti.txt. Pitisha neno hilohilo kwenye `pgrep -af` kwanza uone nani watakaoguswa.

Kwenye Windows ni `taskkill /PID 4312 /T`. /T huchukua na watoto wake, /F hulazimisha.