Kabla ya Novemba: namna ya kuzipima timu za kikapu za vyuo vya Marekani

Orodha ya timu 25 bora ya shirika la habari la Associated Press hutoka Oktoba, wiki chache kabla ya msimu kuanza. Wapiga kura ni waandishi na watangazaji wa michezo wapatao 60. Kila mmoja hupanga timu zake 25. Ya kwanza hupewa pointi 25, ya pili 24, hivyo hivyo hadi ya mwisho inayopata moja. Siku orodha inapotoka, hakuna timu iliyokwisha kucheza hata mechi moja ya kuhesabika. Wengi wetu huisoma na kuchagua upande papo hapo. Nakuomba uiweke kando siku mbili tatu, ufanye hesabu zako mwenyewe, kisha uirudie.

Sababu yangu ni North Carolina. Aprili 2022, mjini New Orleans, walikwenda mapumziko ya fainali wakiongoza kwa pointi 15. Kansas wakawageuzia kibao na kushinda 72-69. Wanne kati ya watano wa kikosi cha kwanza wakaamua kurudi chuoni, na Oktoba timu ikawekwa namba moja. Nani angebisha? Wakashinda mechi tano za mwanzo, halafu wakapoteza nne mfululizo, mojawapo kwa Alabama, 103-101 baada ya vipindi vinne vya nyongeza. Walimaliza na ushindi 20 na vipigo 13, na Machi timu 68 za mashindano ya taifa zilipotangazwa, jina lao halikuwamo. Tangu mashindano hayo yapanuliwe hadi timu 64 mwaka 1985, ilikuwa mara ya kwanza kwa timu iliyoanza msimu namba moja kuachwa nje. Mwaka huohuo ubingwa ulikwenda UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), ambao Oktoba hawakuwamo hata kwenye zile 25.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuzingatia ni kujua nani amebaki, na kuhesabu kwa dakika, si kwa majina. Mechi ya vyuo upande wa wanaume ina dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20. Wachezaji watano mara dakika 40 ni dakika 200. Chukua takwimu za msimu uliopita, andika kila mchezaji na wastani wa dakika zake, kisha kata kwa kalamu waliohitimu, waliohamia chuo kingine na waliokwenda NBA, ligi ya kulipwa. Zinazobaki kati ya zile 200 ndizo mtaji wa kocha. Ukurasa wangu wa Duke wa mwaka 2025 ulijaa mistari mitupu: Cooper Flagg alichaguliwa wa kwanza katika drafti (zoezi la NBA la kuchagua wachezaji wapya), Kon Knueppel wa nne, Khaman Maluach wa kumi, halafu Sion James na Tyrese Proctor wakachukuliwa raundi ya pili. Watano wote wa kikosi cha kwanza waliondoka ndani ya siku mbili. Jezi ni ileile, ukumbi ni uleule wa Cameron, lakini unayeitazama Novemba ni timu nyingine kabisa.

Lakini dakika peke yake hazitoshi, na hapo North Carolina wana somo la pili. Aliyeondoka alikuwa mmoja tu, Brady Manek, mrefu aliyekuwa akikaa mbali na kikapu na kurusha mitupo ya pointi tatu. Akiwa uwanjani, beki hawezi kumwacha akasaidie ndani, na senta Armando Bacot anabaki na nafasi ya kugeuka. Alipoondoka, nafasi ile ikafungwa. Mabeki wakajaa chini ya kikapu, na mitupo ya mbali ikagonga chuma usiku baada ya usiku. Kwa hiyo kila unapokata jina, andika pembeni alikuwa akifanya kazi gani: nani alikuwa akileta mpira, nani alikuwa akimkaba mfungaji mkali wa wapinzani, nani alikuwa akipigiwa pasi sekunde nne zikiwa zimebaki kwenye saa ya mashambulizi, ile inayohesabu muda wa timu kutupa mpira. Mfungaji wa pointi 18 anaweza kuzibwa pengo lake na watu wawili. Mtu mwenye kazi isiyoonekana ndiye anayesumbua kumpata.

Sasa geukia waliokuja. Zamani mchezaji akihama chuo alikaa nje mwaka mzima. Mwaka 2018 ulianzishwa mfumo wa kujiandikisha uhamisho, mwaka 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na 2024 kikomo hicho cha mara moja kikaondolewa. Juu ya hapo, Julai 2021 wanafunzi waliruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Dirisha la uhamisho limekuwa sawa na la soka. Kuna wanaolilaumu, nami nawaelewa, maana timu inaweza kubadilika yote kati ya Aprili na Juni. Lakini anayetaka kupima timu lazima ajifunze kulisoma.

Swali si mchezaji huyo alifunga ngapi alikotoka. Uliza ana umri gani, amecheza mechi ngapi kubwa, na je, kazi anayoitiwa ndiyo aliyokuwa akiifanya. Tazama Florida waliochukua ubingwa wa 2025. Walter Clayton Jr. alitokea Iona, Will Richard alitokea Belmont, Alijah Martin alitokea Florida Atlantic, ambako alikwishafika nusu fainali ya taifa mwaka 2023. Hivyo vyote ni vyuo vidogo kwa jina. Lakini watatu hao walikuwa watu wazima wa mwaka wa mwisho, walinzi (wachezaji wa nje wanaoongoza mpira) wenye mamia ya saa za kubeba mpira mikononi. Orodha ya Oktoba iliwaweka namba 21. Namba moja walikuwa Kansas, waliomaliza na vipigo 13 na kutolewa mechi ya kwanza ya mashindano na Arkansas, 79-72.

Mfano mwingine wa mhamiaji uko karibu zaidi na sisi. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alianzia West Virginia, akahamia Kentucky, na msimu wa 2021-22 akadaka wastani wa ribaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) 15.1 kwa mechi, akatangazwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote. Hakubadilishiwa kazi. Alipewa ileile aliyoiweza, kwa dakika nyingi zaidi. Nitamrudia, kwa sababu habari yake ina upande wa pili.

Vijana wa mwaka wa kwanza ndio wanaowapa waandishi maneno mengi Oktoba, na ndio wagumu zaidi kuwapima. Tangu 2006 NBA haimchukui Mmarekani aliyetoka moja kwa moja sekondari, hivyo wenye vipaji vikubwa hupita chuoni mwaka mmoja na kuondoka. Kentucky ya 2012 na Duke ya 2015 zilichukua ubingwa kwa nguvu ya vijana hao. Lakini iangalie Duke ya 2025 kwa makini. Flagg alikuwa mchezaji bora wa nchi. Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alikuwa na sentimita 218 na mikono iliyofunika kikapu. Nusu fainali dhidi ya Houston waliongoza kwa pointi 14 kipindi cha pili, na bado walikuwa mbele kwa sita ikiwa imebaki kama nusu dakika. Houston wakafunga tisa za mwisho, wakashinda 70-67. Niliitazama mechi ile alfajiri, na kilichoniuma ni kuona vijana wenye uwezo wote ule wakishindwa kuingiza mpira uwanjani kwa utulivu mbele ya wanaume wa miaka 22 na 23 waliofundishwa kukaba tangu wafike chuoni.

Hapo ndipo ninapotulia zaidi kila mwaka: walinzi. Kabla hujaipa timu nafasi ya kufika mbali, jibu ni nani anashika mpira dakika mbili za mwisho, na mitupo yake huru inaingia kwa asilimia ngapi. Tshiebwe siku ya Saint Peter's, Machi 2022, alifunga 30 na kudaka ribaundi 16. Kentucky walikuwa wamepangwa namba 2 kwa ubora katika kanda yao ya mashindano, wapinzani namba 15, chuo kidogo cha Jersey City. Saint Peter's wakashinda 85-79 katika muda wa nyongeza. Senta anategemea pasi, na wapinzani wakiamua kumzunguka, mwenye uamuzi ni yule wa juu mwenye mpira. Kwenye fainali ya 2025, Clayton hakufunga hata pointi moja kipindi cha kwanza. Sekunde ya mwisho Florida wanaongoza 65-63, Emanuel Sharp wa Houston anaruka kutupa pointi tatu, Clayton anamfuata hewani kwa mbio, Sharp anaachia mpira udunde na hawezi kuugusa tena, muda unaisha. Mlinzi mkomavu ameshinda ubingwa kwa kukaba tu.

Kuhusu kocha, swali ni moja: ni mgeni? Mwaka wa kwanza wa kocha mpya siku hizi maana yake karibu kila mchezaji ni mgeni pia, kama Kentucky walivyokuwa 2024 John Calipari alipokwenda Arkansas na Mark Pope akaanza upya. Wape hadi Januari kabla ya kuwahukumu.

Majeruhi wasikupite. Tafuta nani alifanyiwa upasuaji wa goti tangu msimu uliopita, maana daktari kumruhusu kucheza hakumaanishi tayari ana kasi yake. Hili wengi wetu Tanzania tulilijua kupitia Hasheem Thabeet. Mwaka wake wa kwanza UConn, 2006-07, timu ilikuwa changa, ikashinda 17 na kupoteza 14, haikuingia mashindanoni. Mwaka wa pili walitolewa mechi ya kwanza na San Diego, 70-69, na katika mechi hiyohiyo mchezeshaji wao A.J. Price akachanika goti. Mwaka wa tatu Price alirudi, Thabeet akawa ukuta, wakafika nusu fainali ya taifa mwaka 2009 na kufungwa na Michigan State, 82-73. Karibu miezi mitatu baadaye Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti. Kikosi kilekile, miaka mitatu, kikipanda ngazi moja moja. Leo timu ya namna hiyo ni adimu, na ukiiona popote, hata nje ya 25 bora, iandikie nyota pembeni.

Ratiba nayo isome kwa jicho kali. Timu kubwa hujaza Novemba na wageni dhaifu nyumbani kwao, na ushindi wa pointi 40 pale hauna habari yoyote ndani yake. Tafuta mechi za uwanja usio wa mtu: Champions Classic, ambako Duke, Kansas, Kentucky na Michigan State hukutana kila mwaka tangu 2011, na mashindano ya Maui na Bahamas. Kamati inayopanga timu Machi hutumia kipimo kiitwacho NET, ambacho ndani yake kumfunga ugenini mpinzani wa nafasi ya 75 huhesabika katika kundi moja la juu na kumfunga nyumbani mpinzani wa nafasi ya 30. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kocha anakubali safari ngumu Desemba. Zingatia pia konferensi, yaani makundi ya vyuo vinavyocheza ligi moja, zilivyopanuka mwaka 2024. Big Ten sasa ina timu 18, na UCLA wanatoka Los Angeles kwenda kucheza New Jersey, tofauti ya saa tatu, kisha wanarudi darasani. Miguu huchoka Februari. SEC, konferensi nyingine yenye timu 16, iliingiza 14 kwenye mashindano ya 2025, hivyo timu ya huko yenye vipigo kumi inaweza kuwa imara kuliko yenye vitatu kwingineko.

Kwa wapenda hesabu, jedwali la mtakwimu Ken Pomeroy hupima pointi ambazo timu inafunga na kufungwa katika kila umiliki 100 wa mpira, likizingatia ubora wa mpinzani. Tazama safu mbili, ya mashambulizi na ya ulinzi, na uitilie shaka timu iliyo juu upande mmoja tu. Kumbuka tu kwamba mwanzo wa msimu namba zake bado zimebeba kumbukumbu za mwaka uliopita.

La mwisho ni saa. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kuanzia hapo pwani yao ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa nane: mechi ya saa moja usiku kule ni saa tisa usiku Dar es Salaam na Nairobi. Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza tena, tofauti inakuwa saba, na mechi za mchana za raundi ya kwanza zinatufikia saa moja na robo jioni, watu wametoka kazini, unaweza kuwaita majirani. Fainali itabaki ya alfajiri. Ya 2025 ilianza saa kumi kasoro dakika kumi. Weka kengele ya simu ya wiki ya kwanza ya Novemba sasa, na kwenye daftari acha ukurasa mtupu baada ya kila timu. Mechi kumi za mwanzo zitaujaza.