Mvua Ikiwakuta Pwani: Namna ya Kuitumia Siku Ndani ya Nyumba
Familia nyingi za Nairobi hupanda treni kwenda Mombasa katika likizo ya Aprili, nao ndio msimu wa masika, ambapo mvua huweza kunyesha tangu alfajiri hadi adhuhuri. Kwa hiyo panga shughuli za ndani kabla hujafunga mizigo.

Ninayoipenda kuliko zote ni kupika wali wa nazi pamoja na watoto. Mketishe mtoto mkubwa juu ya mbuzi, umwonyeshe kukuna nazi huku akiizungusha taratibu, na aache mara rangi ya kahawia inapoanza kuonekana, kwa maana ikichanganyika na nazi hulitia tui weusi. Mimina maji ya vuguvugu, kamua kwa kifumbu upate tui zito, liweke kando, kisha kamua tena upate tui jepesi la kuchemshia mchele. Lile zito huongezwa mwishoni, maji yakikaribia kukauka.

Wali ukishapaliwa makaa, fundishaneni bao, ambalo kete zake 64 zinaweza kuwa kokoto mlizookota ufukweni. Mvua ikipungua, nendeni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mkatazame makumbusho yaliyomo ndani yake.