Namna ya Kuchambua Filamu ya Hali Halisi na Saa Yake ya Kurushwa

Itazame filamu mara ya kwanza bila kuandika, kisha irudie ukiwa umezima sauti. Tuseme inahusu wanawake wanaolima mwani Paje, kijiji cha pwani Zanzibar: picha zikiwa peke yao, utaona kama kamera imesimama usawa wa macho yao au inawatazama kutoka juu, na kama mikono yao inaonyeshwa zaidi kuliko nyuso. Ukirudisha sauti, jiulize ni nani anayeeleza maana ya kazi hiyo, mkulima mwenyewe au msimulizi asiyeonekana, kwa sababu msimulizi huyo ndiye mara nyingi anayebeba msimamo wa filamu huku akijifanya hana upande. Andika pia swali la mhoji lilipokatwa, maana jibu lililobaki peke yake husikika kama kauli ya hiari.

Kisha fungua ratiba ya vipindi. Ratiba ya Zanzibar, visiwa vilivyoanza kurusha televisheni mwaka 1973, hubadilika sana mwezi wa Ramadhani: filamu iliyowekwa wakati wa kufuturu hushindana na sahani, ilhali ileile baada ya tarawehe huweza kupata familia nzima barazani. Angalia kilichoitangulia na kinachoifuata.